Moshi wa Mwaloni Mezani: Bia za Poland na Chakula cha Kila Siku

Bia ya moshi, yenye asilimia 3 tu ya kilevi, yenye gesi ya kuruka kama imechokozwa, na inayonyweka na supu! Jamani, ilikuwa imejificha wapi siku zote hizi? Inaitwa Grodziskie. Inatoka Grodzisk Wielkopolski, mji mdogo ulio magharibi mwa Poznań, na tangu niionje sina mazungumzo mengine. Nilifika Poland nikijua majina mawili matatu ya bia, yale yanayobandikwa kwenye miavuli ya mikahawa. Leo nikikutana na mtu jambo la kwanza ni kumuuliza kama amewahi kunywa Grodziskie na samaki wa heringi, na kama bado, anasubiri nini?

Chukua glasi ndefu, iinamishe, mimina taratibu. Povu linapanda jeupe, zito, na linakaa. Chini yake bia ina rangi ya dhahabu changa na iko angavu kabisa, jambo la kushangaza kwa sababu bia nyingi za ngano huwa na ukungu. Kisha pua inapata habari kabla ya mdomo: moshi! Moshi mkavu wa kuni za mwaloni, safi, usiokaba. Ukishameza unabaki uchungu mdogo wa hopsi, ulimi unakauka, na mkono wenyewe unarudi kwenye glasi. Kimea chake chote ni cha ngano, na chote hukaushwa kwa moshi wa mwaloni. Shayiri haimo hata punje. Nafaka moja, kuni za aina moja, na ladha zote hizo!

Maji yake nayo yana kisa. Watu wa Grodzisk husimulia kwamba zamani kisima cha mji kilikauka na wapika bia wakabaki mikono mitupu, mpaka mtawa wa Kibenedikto, Bernard wa Wąbrzeźno, aliposali kando ya kisima na maji yakarudi. Bernard alifariki mwaka 1603, na baadaye wenyeji wakawa wanaandamana hadi kaburini kwake Lubiń wakibeba pipa la bia mpya. Mji unaompelekea mtawa wake bia kama sadaka unaipenda bia yake kweli kweli. Ndiyo maana inauma kujua kwamba mwaka 1993 kiwanda kilifungwa na Grodziskie ikatoweka madukani. Waliokataa kuizika ni watu wanaopika bia majumbani mwao. Chama chao, Polskie Stowarzyszenie Piwowarów Domowych, kilihangaikia mapishi ya zamani na hamira yenyewe, maana bila hamira ile ungepata bia nyingine yenye jina la kuazima. Mwaka 2015 ikaanza kupikwa tena mjini Grodzisk. Zaidi ya miaka 20 ya ukimya, na iliyorudi ni bia hai, inayochemka kwa gesi, wala haina dalili ya kitu cha makumbusho. Wapewe maua yao watu wale!

Sasa tuilete mezani, kwa sababu huko ndiko inakong'aa. Chakula cha Kipoland cha kila siku kimesimama juu ya mambo matatu: uchachu, mafuta na moshi. Chukua żurek, supu inayotengenezwa kwa unga wa nafaka ya rai ulioachwa uchachuke kwenye maji siku kadhaa. Ndani yake kuna soseji nyeupe, yai la kuchemsha, majani ya majorani, na mara nyingi vipande vya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi. Ni supu yenye sauti kubwa. Ukiinywea bia ya kawaida ya kaunta, bia inapwaya, inageuka utamu mtupu mdomoni. Ila Grodziskie! Moshi wa bia unaukuta moshi wa nyama, gesi yake kali inafagia mafuta ya soseji, na kwa kuwa haina utamu wa kugombana na uchachu wa supu, kila kijiko kinaonekana kipya. Nilipomaliza bakuli nilitamani kuanza upya.

Na heringi! Wapoland humla akiwa wa baridi, aliyehifadhiwa kwa chumvi, kisha akalazwa kwenye mafuta pamoja na vitunguu vibichi, au akafunikwa kwa krimu chachu. Wanaita śledź. Kwa desturi mwenzake ni vodka, nami siwagombezi wenye desturi yao, lakini vodka inamchoma samaki na kumfuta. Grodziskie inamnyanyua. Weka pembeni mkate mweusi wa rai na tango lililochachushwa kwenye maji ya chumvi na vitunguu saumu, na hicho ni chakula cha mchana ambacho nisingekibadilisha kwa karamu ya hoteli yoyote.

Kuna jambo moja ambalo kila mgeni anapaswa kulijua kabla hajasimama mbele ya rafu ya bia nchini humu. Lebo nyingi za Kipoland zina namba mbili. Moja ni asilimia ya kilevi, ile tunayoitazama sote. Nyingine ni ya ekstrakt, yaani kiasi cha sukari na vitu vingine vya kimea vilivyokuwa vimeyeyuka kwenye maji kabla hamira haijaanza kazi. Serikali yenyewe huipa uzito namba hiyo, maana ushuru wa bia nchini Poland hukokotolewa kwa kufuata digrii hizo. Kwa mlaji ni ramani ya chakula! Grodziskie iko karibu na 8. Bia ya kawaida ya manjano huwa karibu na 12. Portera nzito hufika 22. Namba ndogo hutaka supu, samaki, mboga na mchana. Namba ya kati hutaka sahani ya nyama na viazi. Namba kubwa hutaka usiku, keki na jibini. Tangu niijue kanuni hii sijaiacha, nami naitetea mbele ya yeyote anayedai kwamba ladha ya bia husomwa kwenye asilimia ya kilevi.

Chakula cha kati, basi. Ukitaka kula wanavyokula watu wa kawaida, ingia kwenye bar mleczny. Hizi ni kantini za bei nafuu zilizoanza kuuza vyakula vya maziwa, unga na mayai, zikaenea sana enzi za ujamaa, na hadi leo serikali huzipa ruzuku kwa baadhi ya vyakula. Unasimama foleni, unasoma orodha ukutani, unalipa, unasubiri kuitwa dirishani. Wanafunzi, wazee, mafundi wa ujenzi, wanasheria, wote meza moja. Kwa desturi hawauzi pombe humo, kwa hiyo mbinu yangu ni kufungiwa chakula na kukimbia nacho nyumbani kikiwa cha moto, ambako bia iko tayari kwenye friji.

Na cha kufungiwa ni kotlet schabowy. Wapenzi wa kitimoto, nisikilizeni! Ni mnofu wa mgongo wa nguruwe uliopondwa ukawa mwembamba na mpana kuliko kiganja, ukachovywa kwenye unga, yai na chenga za mkate, ukakaangwa hadi ganda likawa la dhahabu na linalia ukilikata. Pembeni yake ni viazi vilivyonyunyiziwa majani ya shibiti, na mizeria, yaani matango membamba kwenye krimu chachu. Hapo ndipo bia ya manjano, ile ambayo kwenye kaunta niliipita bila kugeuka, inapokuwa malkia. Mimi nachagua Perła ya Lublin. Mkoa wa Lublin ndio shamba kuu la hopsi la Poland, na hopsi ya Lubelski ina harufu ya maua na nyasi zilizokatwa asubuhi. Uchungu wake mwororo unalipasua lile ganda lenye mafuta, gesi inausafisha ulimi, na tango la baridi linapokezana na glasi ya baridi. Unakata, unatafuna, unakunywa, unarudia. Bia hizi za kila siku zinadharauliwa na wajuzi wengi, nami nasema wazijaribu tena na sahani mbele yao. Tyskie, kutoka mji wa Tychy ambako bia inapikwa tangu karne ya 17, nayo inaweza kazi hiyo, ingawa utamu wa kimea chake unazidi kidogo. Hiyo naiweka zaidi kwenye pierogi.

Pierogi ruskie ni maandazi ya kuchemsha yaliyokunjwa nusu mwezi na kujazwa viazi vilivyopondwa, jibini laini ya maziwa na vitunguu. Juu yake humwagwa vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vya kahawia. Utamu wa vitunguu hivyo ndio ufunguo. Unaposhikana na utamu wa kimea cha bia ya manjano, au bora zaidi bia isiyochujwa, ile yenye ukungu na harufu ya mkate, sahani ya viazi na unga inageuka kuwa sherehe. Ukipata kabisa pierogi zilizochemshwa jana na leo zikakaangwa zikashika ukoko, usimgawie mtu.

Kwenye majiko ya kuchoma ya kiangazi kuna kaszanka. Ni utumbo uliojazwa damu, nyama za ndani na nafaka, ndugu wa damu wa mutura ya Nairobi, na yeyote aliyewahi kusimama kwenye kona ya mutura jioni atajisikia nyumbani hapa. Inachomwa na vitunguu hadi ngozi inapasuka. Yenyewe naipa bia nyeusi ya wastani, isiyo nzito, kwa sababu ladha ya chuma ya damu inahitaji kimea kilichochomwa kidogo. Wapoland wengi huinywea bia ya manjano tu na wanafurahi. Jaribuni nyeusi mara moja!

Lakini kama ungeniuliza ni lini Poland ya bia ilibadilika sura, ningekutajia mwaka 2011 na chupa moja: Atak Chmielu. Ziemowit Fałat, Grzegorz Zwierzyna na Marek Semla walianzisha kampuni ya bia, PINTA, bila kuwa na kiwanda chao wenyewe. Walikodi matangi kwenye kiwanda cha watu wengine mjini Zawiercie, wakatoa bia ya mtindo wa IPA ya Kimarekani katika nchi ambayo watu walikuwa wamezoea manjano isiyo na makali. Wapoland huita kilichofuata mapinduzi ya bia, na baada ya kuionja ninaelewa kwa nini. Rangi ya shaba, harufu ya balungi na utomvu wa msonobari, halafu uchungu unaotua kwa uzito na hauombi radhi. Inazidi kidogo asilimia 6 ya kilevi. Leo rafu zimejaa bia za namna hii, zenye harufu kali zaidi na matunda zaidi, na bado hii imesimama wima.

Inywewe na nini? Na zapiekanka, bila kusita! Nenda Kraków, mtaa wa Kazimierz, uwanja wa Plac Nowy, ambako katikati kuna jengo la duara lililozungukwa na madirisha ya wauzaji. Zapiekanka ni nusu ya mkate mrefu uliopasuliwa, ukapakwa uyoga uliokaangwa, ukafunikwa jibini, ukaokwa na kumwagiwa tomato sosi. Ilishamiri miaka ya 1970, chakula cha wakati mgumu ambacho hakikukubali kufa wakati ulipokuwa mzuri. Uyoga una ladha ya udongo, jibini ina chumvi, tomato ina utamu, na wote watatu pamoja wanaelemea upande wa uzito. Uchungu wa Atak Chmielu unaingia katikati yao na balungi lake na kila mmoja anasikika kwa zamu. Omba pilipili ya ziada kama unaipenda, lakini jiandae: hopsi nyingi huzidisha moto wa pilipili. Mimi naona hiyo ni faida.

Nikimbie kwenye bigos kabla baridi haijaingia. Ni kabichi iliyochachushwa na kabichi mbichi, nyama za aina kadhaa, soseji, uyoga mkavu wa porini, wakati mwingine plamu zilizokaushwa, vyote vikapikwa polepole, vikaachwa, vikapashwa tena kesho na keshokutwa. Siku ya tatu ndipo bigos inakuwa bigos. Inataka bia ya kahawia yenye misuli, na jibu langu ni Koźlak ya kiwanda cha Amber kilichopo Bielkówko, karibu na Gdańsk. Ina utamu wa sukari iliyoungua, karanga na ganda la mkate, na kilevi cha kutosha kukupasha kifua. Uchachu wa kabichi na utamu wa kimea vinavutana, na nyama inakaa katikati ikifaidi pande zote mbili. Kwa golonka, yaani mguu wa nguruwe uliochemshwa taratibu hadi nyama inaachia mfupa, bia ni hii hii, tena mimina kiasi kwenye sufuria.

Na sasa portera ya Baltiki. Hapa naomba uketi.

Waingereza katika karne ya 18 walisafirisha bia nyeusi zenye nguvu hadi bandari za Bahari ya Baltiki. Vita vya Napoleon na marufuku yake ya biashara na Uingereza vilipoivuruga njia hiyo, wapika bia wa huku walishika mwiko wenyewe. Baadaye wakatumia hamira ya baridi, ile ya lager, na kuipumzisha bia muda mrefu kwenye ubaridi. Matokeo ni bia nyeusi yenye nguvu lakini laini, isiyo na ule ukali wa kahawa iliyoungua. Wanaokunywa Guinness kali ya Nairobi au Kampala, ambayo nayo ni mtoto wa bia nyeusi zilizosafirishwa kwa meli, watamtambua ndugu huyu mara moja, kisha watashangaa alivyo mpole. Żywiec Porter ina asilimia 9.5, hufuata mapishi ya mwaka 1881, na kwa miaka mingi imepikwa Cieszyn, mji ambao mto Olza unaugawa kati ya Poland na Czech, katika kiwanda kilichojengwa na ukoo wa Habsburg mwaka 1846. Kahawia iliyokolea hadi weusi, povu la rangi ya maziwa ya chai, halafu chokoleti, zabibu kavu, mkate wa rai, na mwishoni joto linaloshuka taratibu hadi tumboni. Usiinywe ikiwa ya baridi sana! Itoe kwenye friji mapema, iache ifike nyuzi 12 hivi, na itafunguka yote.

Mlo wake ni pierniki za Toruń, keki za asali na viungo, mdalasini, karafuu na tangawizi, nyingine zikiwa zimejazwa jamu ya plamu na kufunikwa chokoleti. Mji huo unazioka tangu Zama za Kati. Kipande kimoja, funda moja. Asali inaitafuta chokoleti, karafuu inaitafuta zabibu, na sijui chakula kingine na kinywaji kingine vilivyozaliwa miji mbalimbali vikaelewana namna hii. Kormoran ya Olsztyn inapika Porter Warmiński, kavu kidogo na ya kifahari, ambayo kwa kipimo changu inaishinda Żywiec kwa nywele moja. Kisha kiwanda hichohicho kikafanya jambo la kichaa kwa maana njema kabisa. Imperium Prunum ni portera yao nzito zaidi iliyowekwa suska sechlońska, plamu zinazokaushwa kwa moshi kusini mwa Poland, zao ambalo jina lake linalindwa na Umoja wa Ulaya. Moshi tena! Ulioanzia kwenye glasi nyepesi ya asilimia 3 unakuja kukukuta huku kwenye kilele. Ipate na oscypek, jibini ya moshi ya kondoo wa milima ya Tatra, iliyopashwa juu ya makaa na kuwekewa jamu ya kranberi. Chupa moja wagawane watu watatu, wanne. Jumamosi ya tatu ya kila Januari ni Siku ya Portera ya Baltiki, iliyoanza mwaka 2016, na tayari nimewapa wenzangu taarifa kwamba siku hiyo sipatikani kwa jambo lingine.

Theluji ikishaanguka kuna raha moja zaidi, na hii fanya jikoni mwako popote ulipo. Grzane piwo, bia ya moto! Mimina bia ya manjano au ya kahawia kwenye sufuria, moto mdogo. Tia asali kijiko kimoja kikubwa, kijiti cha mdalasini, tangawizi mbichi, ganda la chungwa, na karafuu tatu nne. Mimi natia za Pemba, nilizozifungasha mwenyewe kwenye begi, na nyumba nzima inanukia. Wengine hukoroga kiini cha yai na sukari kando na kukimiminia bia taratibu ili kisigande, na bia ikawa nzito na laini. Usiache ichemke, kwa sababu uchungu wa hopsi utachachamaa na kilevi kitapaa na mvuke. Ikianza kutoa moshi pembeni mwa sufuria, zima, mimina kwenye kikombe kinene, na iwe imekutana na placki ziemniaczane, chapati nyembamba za viazi vilivyokwanguliwa, zilizotoka kwenye kikaango sasa hivi, zikiwa na krimu chachu juu na kingo zake bado zinaita.